Nani Alikuwa Ndani ya Boti?

Beji ya kitambaa ya kikosi cha doria ya majini ni kitu kidogo: duara au ngao inayotosha kiganjani, nyuzi za rangi tatu au nne, jina la kikosi ukingoni, na katikati boti, nanga au mnyama mkali wa majini. Mkusanyaji mzoefu haanzi kuitazama usoni. Huigeuza kwanza, kwa kuwa mgongoni ndiko unakoonekana mkono wa fundi: mafundo, uzi uliorukishwa kutoka herufi moja hadi nyingine bila kukatwa, mabaki ya gundi. Kisha huimulika kwa taa ya miale ya urujuanimno. Uzi wa pamba wa zamani hubaki umefifia, ilhali nyuzi nyingi za viwandani za siku hizi hung'aa kwa sababu ya dawa za kung'arisha zilizotiwa ndani yake. Halafu hutafuta matundu ya sindano pembezoni, ushahidi kwamba beji ilishonwa kwenye shati la mtu ikabanduliwa, na hutafuta rangi iliyopauka kwa jua na jasho. Beji ambayo haijawahi kutoka sandukuni inaweza kupendeza zaidi kwa macho, lakini ile iliyothibitika kuvaliwa na baharia aliyekuwa mtoni siku za vita ndiyo inayogombaniwa. Swali langu linazaliwa hapo. Mtu anayelipa ziada kwa ajili ya jasho la mwenzake ananunua nini? Na hicho anachonunua, kinauzika?

Wengi watajibu kwamba ananunua kumbukumbu ya ushujaa, na kwamba kumbukumbu haina madhara. Sikubali haraka hivyo, kwa sababu alama ya askari haikuwekwa duniani ili kukumbusha ushujaa. Kanuni za The Hague za 1907 kuhusu vita vya nchi kavu, katika kifungu chake cha kwanza, zinawataka wanamgambo na vikosi vya kujitolea wawe na mkuu anayewajibika kwa matendo ya walio chini yake, wawe na alama ya kudumu inayotambulika kwa mbali, wabebe silaha waziwazi na wafuate sheria za vita. Mkataba wa tatu wa Geneva wa 1949 uliyarudia masharti hayo karibu vilevile. Jambo la kuzingatia ni ujirani wa masharti hayo: alama imekaa kando ya mkuu wa kuwajibika. Mtu anavaa alama ili adui, raia na hakimu waweze kusema kesho ni kundi gani lililopita hapa, na waende kwa nani kuuliza. Heshima ilikuja baadaye, ikajenga juu ya msingi huo. Kwa hiyo beji ni kwanza ahadi ya kujibu, na anayeishika baada ya mwenye kuivaa kufa au kustaafu anashika ahadi ambayo huenda haijatimizwa. Ninachodai ni kwamba kitu cha namna hiyo hakimilikiwi kama saa au viatu. Kinashikwa kama amana, na amana ina mwenyewe. Kumtaja mwenyewe huyo ndiyo kazi ngumu, maana beji huchora mpaka kuwazunguka waliotenda, na mpaka huo karibu kila mara ni mfinyu kuliko ukweli.

Maziwa yetu yana ushahidi wa kutosha. Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa wakuu wa Ziwa Tanganyika; Agosti mwaka huo meli yao Hedwig von Wissmann iliiharibu Alexandre Delcommune ya Wabelgiji upande wa Lukuga. Waingereza wakaamua kuleta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12 hivi, chini ya afisa wa majini Geoffrey Spicer-Simson. Juni 1915 ziliondoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda reli hadi Fungurume huko Katanga, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na makundi ya ng'ombe, zikarudi relini, zikashuka mto Lualaba, na mwishoni mwa Oktoba zikafika Lukuga, Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Safari hiyo imeandikiwa vitabu, na mashujaa wa vitabu hivyo ni mabaharia wasiofika thelathini. Lakini trekta la mvuke hunywa maji, na kule juu maji yalikuwa mbali. Wanawake wa vijiji vya njiani ndio waliobeba maji hayo kichwani. Wanaume walioandikishwa hukohuko walifyeka msitu na kukata miti ya madaraja, na madaraja yenyewe yalikuwa zaidi ya mia moja. Bila mtungi wa mwanamke yule, injini isingepanda Mitumba, na bila Mitumba Kingani ingeendelea kutamba. Hakuna beji inayomtaja.

Mtu makini atanipinga papo hapo. Atasema kuwa sababu si ushiriki: aliyechimba madini ya chuma cha mzinga naye alikuwa sababu, je, naye tumwite baharia? Pingamizi hili ni la kweli na linanilazimisha kunyoosha hoja. Mchimba madini alifanya kazi ambayo ingeweza kuishia katika jembe au katika mzinga, hakujua na hakuulizwa. Mbeba maji wa Mitumba alikuwa chini ya amri ileile iliyowaongoza mabaharia, akihudumia boti zilezile, kwa lengo lilelile, na hatari ya njia ilimpata mwilini mwake. Huyo hayupo pembezoni mwa tendo, yumo ndani. Lakini hapo linajitokeza tatizo jingine, zito zaidi. Wengi wa watu hao hawakuchagua. Katika Kongo ya Wabelgiji mpagazi alipelekwa na chifu au na mtawala, na kukataa kulikuwa na adhabu. Je, tumpe mtu heshima ya vita ambavyo hakuvitaka? Kumvisha beji leo, baada ya miaka mia moja na zaidi, kunaweza kuwa kumwandikisha mara ya pili. Naona jibu liko katika tofauti kati ya heshima na hesabu. Aliyejitolea anaweza kudai heshima. Aliyelazimishwa ana haki ya kutajwa kama mtu anayedai, ambaye nguvu zake zilichukuliwa na hazijarudishwa. Wote wawili walikuwa ndani ya boti, na anayeishika beji ana deni kwao wote, ingawa deni si la namna moja.

Hapa Kivu mambo yalikuwa hayohayo, kwa vyombo vidogo zaidi. Septemba 1914 Wajerumani kutoka Kisenyi walikiteka kisiwa cha Idjwi, na Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, hawakukirudisha hadi 1916. Vita vya ziwa hili vilipiganwa kwa mitumbwi na maboti madogo, na mtumbwi haujiendeshi: kila askari aliyevuka usiku alivushwa na wapiga kasia wa mwambao, Wahavu na wengineo, waliojua upepo na miamba kuliko afisa yeyote. Mwaka huohuo wa 1916 majeshi ya Jenerali Charles Tombeur yaliteremka kutoka Kivu hadi Tabora, mji uliotwaliwa tarehe 19 Septemba. Nyuma yao walitembea wapagazi zaidi ya laki mbili kwa jumla ya kampeni nzima. Tombeur baadaye alipewa ubaroni na jina la Tabora likaunganishwa na jina la ukoo wake, akawa Tombeur de Tabora. Jenerali alivaa mji mzima kama beji. Nasi Bukavu tunaishi kando ya mfano mwingine wa namna hiyo kila siku, Kambi Saïo, iliyopewa jina la mji wa Ethiopia ambako jeshi la Waitaliano lilijisalimisha kwa Force Publique Julai 1941. Watoto wa Ibanda hulitamka jina hilo bila kujua kwamba ni la mahali walikopita wanaume wa Kongo, wakiugua kuhara na beriberi, kwenda kupigana vita vya wakoloni wawili. Jina la ushindi limebaki langoni. Majina ya walioushinda kwa miguu yao hayakupata lango.

Kuna kipindi kimoja ambacho wakusanyaji wa dunia wanakipenda kuliko vyote, nacho ni miaka ya 1964 hadi 1967. Beji za 5 Commando ya Mike Hoare na za vikosi vingine vya mamluki zinatafutwa sana na kuigizwa sana. Tangu Aprili 1965 Ernesto Guevara alikuwa upande wa Fizi pamoja na Wakuba zaidi ya mia moja, wakivuka kutoka Kigoma kuwasaidia waasi. Upande wa serikali kulikuwa na boti za doria zilizolipiwa na shirika la kijasusi la Marekani, na miongoni mwa waliozitumikia walikuwa Wakuba wakimbizi, maadui wa Fidel Castro. Ndugu wa kisiwa kimoja cha Karibi walikuja kuwindana juu ya maji ya Tanganyika. Mwishoni mwa Septemba mamluki walishuka kutoka majini karibu na Baraka, na Novemba 21 Guevara akaondoka. Anayesoma historia hiyo kupitia beji ataona pande mbili za wageni zikiumana kishujaa. Mbembe wa Fizi aliyepoteza shamba lake, mvuvi ambaye mtumbwi wake ulipigwa risasi kwa kudhaniwa kuwa wa magendo, hawaonekani kabisa, kwa sababu hakuna fundi aliyewashonea alama. Halafu Agosti 1967 Jean Schramme, kiongozi wa mamluki, pamoja na watu wake na mamia ya askari Wakatanga, akaushika mji wetu hadi mwanzoni mwa Novemba. Bukavu ilibomolewa nyumba kwa nyumba. Mamluki walivuka Rusizi kwenda Shangugu, na Aprili 1968 wakarudishwa Ulaya kwa ndege. Beji zao zilirudi nao. Hadi leo ziko kabatini mwa watu, chini ya kioo safi, na maelezo yanayoambatana nazo hutaja kikosi na mwaka, mara chache sana hutaja mji uliolipa.

Sasa nikabiliane na anayesema kwamba ninazidisha, kwamba kitambaa ni kitambaa na maana yote imo kichwani mwa mtazamaji. Soko lenyewe linampinga. Fundi wa leo anaweza kutoa nakala ambayo jicho la kawaida haliwezi kuitofautisha na asili, rangi kwa rangi, mshono kwa mshono, na nakala hiyo itauzwa kwa senti chache. Kama maana ingekuwa ya mtazamaji tu, nakala ingetosha. Taa ya urujuanimno ingekuwa ya nini? Mkusanyaji anaiwasha kwa sababu anaamini, hata asipokiri, kwamba kitambaa kimegusana na tendo na kwamba mguso huo hauwezi kutengenezwa upya. Wakatoliki wa mji huu wataielewa imani hiyo mara moja, kwa kuwa ndiyo imani ya masalia ya watakatifu: kipande cha nguo kina thamani kwa ajili ya mwili uliokivaa. Ila Kanisa, kwa karne nyingi, lilijifunza kwa uchungu kuwekea masalia masharti. Sheria yake inakataza kabisa kuyauza. Ilitambuliwa kwamba anayekubali mguso kuwa wa kweli hana budi kukubali wajibu unaokuja na mguso huo. Mkusanyaji anataka mguso bila wajibu. Analipa ziada kwa ajili ya jasho, kisha anasema jasho hilo halimhusu.

Wakusanyaji wa beji za Vietnam wanatupa mfano ulio wazi zaidi. Boti za doria za mitoni za jeshi la majini la Marekani, zenye mabaharia wanne kila moja, zilianza kazi katika delta ya Mekong mwaka 1966. Wengi wa mabaharia hao waliagiza beji zao kwa mafundi cherehani wa hukohuko, na leo hizo zilizoshonwa nchini Vietnam, zenye mishono isiyo sawa na herufi za Kiingereza zilizokosewa, ndizo zinazothaminiwa kuliko zilizotoka viwandani Marekani. Yaani sehemu ya thamani ni mkono wa fundi Mvietnam. Mtu yuleyule ambaye mto wake ulikuwa ukipekuliwa alikaa chini akashona alama ya wapekuzi. Mkusanyaji anamthamini kama uthibitisho wa uhalisi na hamwoni kama shahidi. Angemwona, angejiuliza fundi huyo alikuwa na ndugu gani mtoni.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa wakusanyaji. Linatoka hapa nyumbani. Kuna wengi Bukavu watakaosema: chomeni. Watu wenye beji waliingia mji huu Oktoba 1996, siku ambazo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa. Wengine waliushika Agosti 1998. Wengine Juni 2004. Waasi wa AFC/M23 wakaingia Februari 2025. Kwa mama aliyepitia hayo yote, beji ya kijeshi ukutani si historia, ni mtu anayerudi. Kwa nini tumtunzie? Tena wako wanaosema, kwa nia njema ya Kikristo, kwamba msamaha unadai tuziweke alama zote kando ili watu wakutane nyuso kwa nyuso, bila makabila ya sare. Nawaheshimu wanaosema hivi kuliko ninavyowaheshimu wauzaji. Maumivu wanayoyataja si nadharia, na yananifanya nikubali sehemu kubwa ya hoja yao: beji ya kikosi kilichoumiza watu haifai kutundikwa sebuleni kama pambo, haifai kuvaliwa na kijana kama mtindo wa mtaani, na hakuna makumbusho yenye haki ya kuionyesha katika mji ulioumizwa bila kuwauliza walioumizwa.

Lakini kuchoma sikubali, na sababu yangu ni Minova. Novemba 2012, baada ya Goma kuanguka, askari wa serikali waliorudi nyuma walikusanyika katika mji huo mdogo wa mwambao wa Ziwa Kivu, eneo la Kalehe, na kwa siku kadhaa wakabaka na kupora. Kesi ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi, wanawake wakitoa ushahidi nyuso zao zikiwa zimefunikwa. Hukumu ilitolewa Mei 2014. Kati ya washtakiwa 39, wawili tu walitiwa hatiani kwa ubakaji. Moja ya sababu kubwa ilikuwa kwamba waathirika wengi hawakuweza kuwatambua waliowatenda: ilikuwa usiku, vikosi vilikuwa vimechanganyika, sare zilifanana. Mwanamke anayeweza kusema «waliokuja walikuwa na alama ya namna hii begani» anampa hakimu uzi wa kufuata hadi kwa kamanda. Mwanamke anayeweza tu kusema «walikuwa askari» anaachwa peke yake na ukweli wake. Ndiyo maana wahalifu wa vita hubandua alama zao kabla ya kazi chafu. Wanajua vizuri kuliko wanafalsafa beji ni ya nini. Anayechoma beji baada ya vita anawamalizia kazi hiyo. Na msamaha haupungui kwa kuwa na ushahidi. Padri anayeungamisha hamwambii mtu asahau dhambi yake kwanza, anamtaka aitaje. Kusamehe kundi lisilo na jina ni jambo ambalo sijui lingefanyikaje, kwa kuwa hakuna wa kupokea msamaha huo.

Limebaki pingamizi la askari mwenyewe, na ningekuwa mkosefu nikilipita. Atasema: mimi nilikuwa baharia wa kawaida, sikupanga vita, nilisimama kwenye boti isiyo na kinga, kichaka cha ukingoni kikiwa na bunduki nisiyoiona, na wenzangu watatu walinitegemea kama nilivyowategemea. Hiyo beji ndiyo kitu pekee kinachosema kwamba hatukukimbiana. Mnataka kuifanya hati ya mashtaka? Ushujaa huo ni wa kweli. Doria ya maji ya ndani ni kazi ya hofu ya pekee: boti haina pa kujificha, ukingo una pa kujificha pote. Anayeudharau ushujaa kwa sababu vita vilikuwa vibaya hajui kwamba watu wema hupelekwa katika vita vibaya. Ninachomwomba askari huyo ni kutazama orodha ya zamani tuliyozoea kusoma kanisani. Kitabu cha Pili cha Samueli, sura ya 23, kinaorodhesha mashujaa wa Daudi. Humo mna kisa cha wale watatu waliopenya kambi ya Wafilisti ili kumletea mfalme maji ya kisima cha Bethlehemu, naye akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliona ndani ya maji hayo damu ya watu walioyafuata. Daudi alitambua kwamba kitu kilicholetwa kwa uhai wa watu hakiwezi kuwa starehe ya mtu mmoja. Hilo ndilo la kwanza. La pili ni jina linalofunga orodha, Uria Mhiti. Ni yule ambaye Daudi alimchukulia mke, kisha akaamuru awekwe penye vita vikali ili afe. Mwandishi wa kumbukumbu za ufalme angeweza kumwacha, na orodha ingebaki safi. Hakumwacha. Aliwaandika mashujaa wote kwa heshima yao, na katika heshima hiyohiyo akaweka jina linalomshtaki mkuu wao. Yoshebu na Eleazari hawakupunguziwa sifa hata kidogo kwa sababu Uria yupo. Orodha imekuwa ya kuaminika zaidi, basi.

Hiyo ndiyo namna ya kushika beji ninayoitetea, na ina masharti ya kazi, si ya hisia tu. Sura ya An-Nisaa inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, na kitu kisichoweza kurudishwa kwa mkono kinaweza kurudishwa kwa maandishi. Kila beji iwe na kadi yake. Kadi itaje kikosi, boti, mahali na mwaka, kama wakusanyaji wazuri wanavyofanya tayari. Itaje pia waliokipandisha chombo mlimani, waliokipigia kasia, waliokikatia kuni, kwa jina inapowezekana na kwa kijiji jina linapokosekana. Itaje malalamiko yaliyowahi kutolewa dhidi ya kikosi hicho na yaliishia wapi. Mahali ambapo hakuna habari, nafasi iachwe wazi kwenye kadi, isijazwe kwa sifa. Beji inapouzwa, kadi iende nayo, na anayeiuza bila kadi amekiuka amana hata kama bei ilikuwa halali. Kuhusu mstaafu wa jeshi wa Kadutu anayeuza beji yake ili kulipa ada ya shule ya mtoto, sina la kumlaumu. Amana hiyo kwanza ni yake, na dola chache anazopata si malipo ya heshima yake. Anayenunua kwake ndiye anayepaswa kukaa naye chini, kumsikiliza na kuandika, kabla ya kuondoka na kitambaa.

Tena kazi hii haisubiri. Kwa miaka mingi Umoja wa Mataifa ulikuwa na doria katika maji ya Kongo, mabaharia wa Uruguay wakiwamo, hadi hapa Ziwa Kivu, na ujumbe wake, MONUSCO, ukafunga shughuli zake Kivu Kusini Juni 2024. Jeshi la majini la Kongo lina boti zake, na wengine waliokuja baadaye wana zao. Beji za miaka hii, za bluu na za kijani, zitakuwa bidhaa ya wakusanyaji kama zile za 1965 zilivyokuwa. Tofauti ni kwamba za 1965 ziliondoka bila mtu kuuliza, na waliokuwa na majibu wengi wamekwisha kufa. Wavuvi wa sambaza wa Idjwi na Kalehe bado wako hai. Wanajua ni boti zipi ziliwasimamisha usiku zikadai samaki, zipi ziliwaokoa katika dhoruba, na nani alikuwa usukani. Wanafunzi wa historia wa vyuo vyetu vya Bukavu, maparokia na misikiti ya mwambao wanaweza kuyaandika hayo mwaka huu, kwa kalamu na daftari, boti kwa boti na jina kwa jina.